Kimeinama Kidogo

Kizuri chajiuza, walisema pale sokoni Luanda,
na mama akaamini.
Miaka tisa akaamini,
akisaga njugu usiku kwa mashine ya mkono
hadi kiwiko chake kikawa na sauti.

Makopo yalikuwa ya watu:
ya jamu, ya kahawa, ya asali ya mbali.
Kazi yangu ilikuwa kuyavua majina.
Maji moto, majivu, kisu butu,
tone la mafuta ya taa pale gundi ilipokaidi,
kisha sabuni mara mbili,
na mama akinusa kila kopo
kama anayenusa mdomo wa mume aliyechelewa.
Lakini jina la mtu halitoki lote.
Ukiliinua kopo juani uliona kivuli chake,
mstatili mweupe, herufi mbili tatu za jamu
zikiichungulia siagi yetu.

Bwana Esilaba, mwenye duka karibu na steji,
aliionja kwa kidole, akafumba macho,
akaonja tena.
"Tamu. Lakini nikiiweka kwenye rafu
mteja ataniuliza ni ya nani.
Nimjibu nini? Ya yule mama?"

Yule mama.
Miaka tisa.

Jumatatu nikaenda Kisumu,
kwa kijana wa Kibuye mwenye printa na kikohozi.
Akanionyesha picha zake za tayari:
mwanamke wa kizungu akiuchekea mkate,
njugu zikining'inia mtini kama zambarau.
Nikampigia mama.
"Mwambie njugu huchimbwa."
"Sasa achore nini?"
Kimya. Nikasikia mashine ikizunguka.
"Achore kiwiko changu."

Ndivyo tulivyopata jina. KIWIKO,
herufi za kahawia, mkono uliokunjwa,
na chini yake: gramu mia nne.
Hapo mama akagoma.
"Mimi hujaza mpaka shingoni.
Andika hivyo. Mpaka shingoni."
Kijana akakohoa, akaandika.

Karatasi shilingi saba, plastiki kumi na mbili.
Tukachukua ya saba,
na rahisi, mnajua wenyewe, ni ghali.
Mafuta ya njugu yalitambaa, yakala wino.
Kufikia Ijumaa KIWIKO imebaki KIWI,
watoto wa jirani wanauliza
kama tumeanza kuuza rangi ya viatu.

Majogoo watatu wakaondoka nyumbani kwetu
ili zije mia tatu za plastiki.

Alibandika mwenyewe, mezani, bila rula,
kwa kidole gumba cha mkono uleule,
na kwa kuwa mkono haukunyooka tena
kila kibandiko kiliinama kushoto.
"Mama, kimepinda."
"Na mimi je?"

Esilaba akachukua makopo sita.
Akarudi kwa ishirini.
Shule ya bweni ikatuma dereva.
Nilianza kulisikia jina letu
midomoni mwa watu nisiowajua,
wakilitamka kwa haraka, bila kufikiri,
kama wanavyosema chumvi.

Mwaka wa pili ikatokea nyingine, huko Majengo:
kiwiko kilekile, kahawia ileile,
hata mpaka shingoni wameandika,
na ndani unga wa muhogo umelowa mafuta ya kupikia.
Nililala njaa siku ile kwa hasira.
Mama hakusema neno, alisaga.

Ni Mwalimu Kageha aliyelirudisha kopo dukani,
akaligonga juu ya kaunta mbele ya watu:
"Hii si yake. Tazama.
Hii imenyooka."

Tangu hapo wateja huligeuza kopo kwanza,
huinamisha kichwa kushoto,
ndipo huingiza mkono mfukoni.

Sasa kijana wa Kibuye anataka kutuuzia mashine,
hubandika mia moja kwa dakika, anasema,
safi, wima, hakuna kuchoka.
Nimemuuliza jambo moja tu,
kama inaweza kuinama kidogo.
Amekohoa.
Anasema atapiga simu.