Gramu Mbili na Nusu

Saa kumi na moja alfajiri, mji wa Pala, mvua ya Juni haijachoka.
Rosakutti anapima unga wa njano
kwenye mizani yenye sahani ya kutu:
gramu mbili na nusu kwa kila mia ya mpira.
Yeye huuita gandhakam.
Sisi tuliuita kiberiti
kabla jina halijahamia kwenye kijiti
na kijiti kujisifia moto peke yake.

Mashuka ya mpira yaliletwa jana,
rangi ya asali, yananuka moshi wa makumbi ya nazi.
Pembeni mwa moja, herufi mbili zimechorwa kwa msumari.
Ni za Ouseppu, kaka yake,
mwenye miti mia na themanini ng'ambo ya mto
na ulimi uliofungwa miaka minne
kwa ajili ya kipande cha ardhi
kisichotosha hata kuanika mashuka hayo.

Anayalisha rola.
Moja ina haraka, moja ina pole;
mpira unapita katikati, unachanika, unalegea,
unasahau moshi, unasahau msumari.
Sasa ni mwepesi wa kushawishika:
uvute, utakuja; uachie, hautarudi.
Minyororo mirefu ya kaboni imelaliana
kama tambi sufuriani,
kila mmoja na safari yake, hakuna unaoujali mwingine.
Jua likiwaka, gundi. Baridi ikiingia, ubao.

Masizi. Zinki nyeupe. Nta kidogo.
Kichapuzi, maana bila hicho tungengoja hadi jioni.
Salfa mwisho, siku zote mwisho:
ikionja joto mapema, mpira huivia rolani,
mchanganyiko mzima hutupwa
na mtu hukatwa mshahara.
Samaki mkunje angali mbichi, twasema kwetu.
Hapa ubichi una dakika zake, zimeandikwa ukutani kwa chaki.

Kisha kalibu. Kisha nyuzi mia na hamsini.
Ndani, mahali macho hayafiki,
atomi nane za salfa zilizoshikana duara
kama watoto mchezoni
zinaachana mikono.
Mkono ulioachwa hautulii.
Huku unashika mnyororo huu, kule unashika ule,
na wageni wawili waliolala kitanda kimoja bila salamu
wanaamka wamefungana.
Ukimvuta mmoja, wa pili anajua.

Yapo madaraja marefu, ya salfa nne, tano, sita:
hukunjika mara elfu bila kulalamika,
lakini joto likizidi, hukatika.
Yapo mafupi, ya salfa moja tu:
yanavumilia moto, hayavumilii kukunjwa.
Kijana wa mafunzo aliwahi kumwuliza, yapi bora?
Rosakutti akamwuliza: Unatengeneza nini?

Salfa ikipungua, kiatu kinanata.
Ikizidi mno, unapata kitu cheusi, kigumu,
chema kwa kitana, si kwa mguu wa mtu.
Na ukikiacha motoni kupita kiasi
madaraja huanza kubomoka yenyewe.
Lakini kuyeyusha upya, kurudi utomvu, hapana.
Hilo halipo.

Dakika ya kumi na mbili, kalibu inafunguka kwa mvuke.
Buti jeusi, namba tisa.
Alitoa jozi moja, akalipa kwa pesa yake,
akampa dereva wa lori: Mpelekee wa ng'ambo.
Hakutuma neno.

Wiki tatu. Simu ya maabara ikalia.
"La kushoto linavuja."
Kimya. Mvua huku, mvua kule.
"Wapi?"
"Kisiginoni."
"Lilete."
"Barabara ina matope."
"Una buti la kulia."

Akakata. Akarudi kwenye mizani.
Unga wa njano ulimwagika
mara mbili
kabla hajapata mbili na nusu.