Kupakata

Bachana amenitumia picha mbili, moja chini ya nyingine,
saa sita usiku, Bi Addolorata anakoroma chumba cha pili.
Ya kwanza: kasha jeusi, ubavu wa kioo,
feni tatu, taa za rangi ya peremende.
Ya pili: kipakatalishi cha kijivu, chembamba,
kimelazwa kwenye kaunta ya Jumber kule Zestaponi
kando ya kikombe chake cha kahawa.

Mama, chagua.

Bei karibu sawa. Kwa hesabu yangu ya Bari
ni Jumapili kumi na tisa nilizoziuza
nikimwogesha mama wa watu, nikimkata kucha,
nikimlisha supu ya dengu aseme haina chumvi.

Nikaandika: Nunua mnara.
Nikampa sababu, maana mwanangu hupenda sababu.
Mnara una nguvu zaidi kwa pesa ileile;
kikiugua kiungo kimoja, unabadilisha kiungo kimoja;
kumbukumbu inaongezwa kama maji kwenye unga.
Kipakatalishi kikifa, kinakufa chote, kama mtu.
Tena hakisamehe chai iliyomwagika.

Sababu yenyewe sikuiandika.
Mnara hauendi popote.
Mwenye mnara ana meza, mwenye meza ana chumba,
mwenye chumba anajua ufunguo uko msumari upi.
Mimi niliondoka na begi moja la magurudumu
nikasema mwaka mmoja. Huu ni wa tisa.
Kitu chepesi ndani ya nyumba ni mlango uliosahauliwa wazi.

Akajibu: Sawa.
Kisha vile vidoti vitatu, vinapanda, vinashuka.
Ila umeme, mama. Ukikatika, mnara unazimika
na kazi yote.
Vidoti tena, muda mrefu.
Ila bibi.
Hakuendelea. Nililala na simu kifuani.

Alhamisi, ua wa nyuma, katikati ya shuka mbichi,
simu ikalia.
Nikaona dari yetu, ile alama ya maji yenye umbo la sikio.
Nikaona kidevu, matundu mawili ya pua.
"Ananiona?"
"Anakuona, bibi. Usibonyeze hapo."

Mama yangu Tsiuri, mwenye goti bovu,
hajapanda ngazi kwenda chumba cha Bachana tangu vuli.
Amekaa jikoni, kwenye kiti chake kando ya jiko la kuni,
na mimi niko mapajani pake,
mkono wake mmoja nyuma ya kioo
kama ashikavyo kisogo cha mtoto ambaye shingo haijakaza.

Akanigeuza nione sufuria ya maharage.
Akanigeuza dirishani: mzabibu umepogolewa vibaya,
jirani ndiye aliyepogoa, nisimwambie mtu.
Akanirudisha, akanitazama.
"Umekonda."
Kisha akapapasa chini ya mashine, akakunja uso.
"Na una joto. Kama ulivyokuwa na ile surua."

"Ni betri hiyo, bibi," Bachana akasema, sauti tu, hayupo kwenye picha.

"Najua," akasema mama,
mkono hakuutoa.

Shuka likanipiga begani, nikalisukuma.
Kwenye kona ya kioo chao, akatangaza Bachana,
imebaki asilimia kumi na moja,
na waya uko juu, chumbani kwake.
Hakuna aliyekwenda kuuleta.