Seva ya Mia Saba

Tarehe tano. Mama Nang'unda amebisha mlango,
hakutaja kodi, alisema tu, "Umeamkaje?"
nami nikajua.
Chumba ni kimoja, elfu mbili na mia tano,
bati lake lililiwa na moshi wa kiwanda
enzi kiwanda kikimeza miti na kutapika karatasi,
na mvua ya Webuye inajua kila tundu kwa jina.

Lakini mimi pia nina wapangaji.
Saba. Hawajui kwamba wanaishi nyumba moja.
Kundu muuza vifaranga anapakana na kwaya ya Mtakatifu Yuda,
wachomeleaji wa Misikhu wamebanana na mshonaji wa sare,
na katika kona iliyobaki nimemlaza Mwalimu Sitati:
picha yake, shukrani za familia,
ratiba ya mazishi ya mwaka juzi.

Nyumba yenyewe sijaiona.
Iko Ujerumani, wanasema, ndani ya ghala lenye baridi,
kipande tu cha mashine ya wenyewe, giga moja ya kumbukumbu,
mia saba kwa mwezi, nalipa kwa simu.
Kuku mmoja wa kienyeji anailipa na chenji inabaki.

Baba alikataa kuelewa.
Miaka kumi na tisa alisimama kwenye mashine namba tatu,
akirudi na harufu ya mayai viza shatini.
"Kurasa," nikamwambia. "Natunza kurasa za watu."
"Zina uzito gani?"
"Hazina uzito."
"Basi unatunza nini?"
Nikamfungulia Mwalimu Sitati, aliyemfundisha kugawanya.
Akapitisha kidole juu ya kioo, polepole,
kama anayekagua ukingo wa roli akitafuta mkunjo.
Hakuupata. Akanirudishia simu.
"Na mtu akikosa kulipa?"

Swali hilo lilinifuata hadi usiku wa Jumanne.
Saa tisa, stima zimepotea tangu jioni,
simu ikatetema: seva imelala.
Diski imejaa. Si vifaranga, si nyimbo,
ni daftari la mlinzi,
mistari milioni ya aliyebisha, aliyekataliwa, aliyebisha tena,
wezi wa mbali wanaojaribu vitasa usiku kucha
wakijiita msimamizi, msimamizi, msimamizi.
Betri asilimia kumi na moja.
Nikaandika amri kwa kidole gumba,
herufi kwa herufi, kama mtu avukaye Nzoia kwa mawe,
maana amri ya kufuta haijui samahani,
nafasi moja ikikosewa kwaya nzima inanyamaza.
Nikasoma mara tatu.
Nikabonyeza.

Kimya.
Kisha wakaamka mmoja mmoja, vifaranga kwanza,
sare, wachomeleaji,
Mwalimu wa mwisho, kama aliyekuwa akisahihisha.
Na daftari la mlinzi, sasa tupu, likaandika mstari wake wa kwanza:
saa tisa na dakika arobaini, mtu mmoja, Eldoret,
amemfungulia Mwalimu Sitati.
Akakaa dakika sita.
Nani huyo asiyelala?
Ningeweza kupekua. Sikupekua.
Mwenye nyumba hachungulii madirishani.

Familia haijalipa tangu matanga.
Nilikuwa nimepanga kumhamisha mwezi huu.

Asubuhi nikampelekea Mama Nang'unda elfu moja na mia nane.
"Zilizobaki Ijumaa."
Akalowesha kidole kwa ulimi, akahesabu noti mara mbili.
"Mia saba umezipeleka wapi?"
"Kuna mtu nimemlipia kodi."
"Mwanamume?"
"Marehemu."
Akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yasichemke yakamwagika.
Akazikunja noti, akazitia kitambaani, akafunga fundo.
Alipofika kwenye kamba ya nguo akageuka nusu:
lile tundu la juu ya kitanda,
mwanawe akipata lami ya kuzibia
atamtuma.