Mstari wa Arobaini na Saba

Kebo ni fupi, baba, na wewe unaitazama
kama unavyoitazama sindano ya daktari.
Kompyuta haiitambui. Nachomoa, napuliza, nachomeka;
inalia ti-tu, halafu kimya.
"Mlango wa tatu," unasema kutoka kitandani,
"jaribu wa tatu, si wa nne."
Hujawahi kuigusa programu hii maishani mwako,
na umepatia.

Nje Mabela inaoka. Saa tano usiku
na kiyoyozi cha jirani bado kinatema maji ukutani.
Skana iko juu ya mto, nyeusi, ya mkononi,
vitufe vimesuguliwa hadi namba mbili haisomeki.
Miaka sita imekaa ndani ya sanduku la viatu.
Betri ilipokufa ilikufa na kila kitu.
"Hata mtu ndivyo," unasema, na unaomba kahawa
uliyokatazwa.

Basi tunaijaza upya.
Wewe unataja, mimi naandika:
safu ya kwanza namba, ya pili masafa,
ya tatu jina, herufi kumi na mbili tu, hata nafasi inahesabiwa.
Mia na hamsini na sita nukta nane, ya vyombo vya baharini.
Mia na ishirini na moja nukta tano, ya ndege zilizofikwa.
"Zilizofikwa na nini?"
"Zilizofikwa. Andika."
ZILIZOFIKWA. Imeenea, na herufi moja imebaki.

Daftari lako hulitoi. Najua liko chini ya godoro,
jalada la kijani, namba za Kiarabu kwa wino uliofifia,
lakini leo unataka nione kwamba hujachakaa.

Mstari wa kumi na tisa, programu inagoma.
Nimeweka mkato pahala pa nukta.
Mkato mmoja, na orodha nzima inarudishwa mlangoni
kama msafiri aliyekosa muhuri.
Unacheka mpaka unakohoa, nakushika mgongo,
mifupa yako naihesabu bila kutaka.

Mstari wa arobaini na saba
unanyamaza kidogo, kisha unataja namba
nisiyoiona kwenye jedwali lolote.
Hapo hapana kitu, baba. Kituo kile walishakivunja,
wamehamia mitambo mipya ambayo hiki hakiisikii.
"Sikukuuliza kama pana kitu."

Halafu unanieleza, ukiielekea dari.
Ulikuwa Masira, zamu ya usiku, upepo unapigapiga mabati,
na upande wa pili, Dukum, alikuwako Mselemu,
mtu uliyeonana naye uso kwa uso mara mbili tu,
moja ikiwa mazikoni.
Ripoti mliisoma kwa Kiingereza, ndiyo sheria.
Msimamizi akiingia, salamu kwa Kiarabu.
Lakini saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukabidhi zamu,
mmoja alibonyeza, akasema: "Kumekucha?"
Na mwingine: "Kwa nani?"
Basi. Miaka kumi na minne.

Tuipe jina gani, hii?
Unawaza kwa muda mrefu kuliko, kwa kauli ya mama,
ulivyowaza jina langu.
KUMEKUCHA. Herufi tisa.
Pembeni kuna kisanduku cha chaneli bubu:
ukikitia alama, skana inaruka, haipotezi wakati.
Kidole kinasita juu yake.
Nakiacha kitupu.

Napakia. Mstari wa buluu unatambaa,
sitini, tisini, tisini na tisa, unakaa hapo kwa ukaidi,
kisha skana inazinduka na kuanza mzunguko:
rubani anaomba kushuka;
nahodha mmoja anagombana na bandari juu ya maji ya kunywa;
mvumo; mvumo;
arobaini na saba, kufumba na kufumbua,
inasikiliza, inapita.
Inarudi. Inasikiliza. Inapita.

Nadhani umelala. Nanyoosha mkono nizime taa.
"Zeyana."
Labeka.
"Nimekosea. Mwisho ni tatu tano, si tano tatu.
Chomeka tena kebo."