Kuku Mgeni

Nimewaleta wanne ndani ya boksi la ndizi,
kiti cha nyuma, mkanda umefungwa.
Toka shamba la mayai hadi Accrington
hakuna aliyelia. Mmoja tu alitoa kichwa tunduni,
akaitazama mvua ya Lancashire
kama mtu anayesoma barua ya serikali.

Shingo tupu, migongo imenyonyoka,
undu umepauka, umelala upande mfano wa kofia iliyolowa.
Mwaka mzima wameishi chini ya taa.
Niliwaweka kwenye nyasi, wakasimama
mguu mmoja juu, mmoja chini,
wakingoja kuambiwa.

Nikampigia dada Mwanaidi, Muheza.
"Kuku anafundishwa kulala?"
Alicheka hadi simu ikakatika.
Alipopiga tena alikuwa na swali moja:
"Umenunua kuku, ukawanunulia na nyumba?"

Ndiyo. Ya mbao, ya kijani, ina ngazi.
Misumari saba niliipinda.
Kwetu kuku alijilea. Alitoweka wiki tatu,
akarudi uani na vifaranga kumi na mmoja,
wala hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.
Mimi nilijua kuwafukuza jikoni, na kuwachinja;
kuwakaribisha, sikuwahi.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema.
Sikufunga kamba. Nimewafungia siku nne
na maji, chenga za mahindi, changarawe kidogo,
wapate kujua kwamba hapa ndipo.
Kamba yangu mimi ilikuwa kadi ya plastiki
yenye picha na tarehe ya mwisho;
miaka sita niliipapasa mfukoni kila nilipoona polisi.
Kwa hiyo siku ya tano, nilipofungua mlango,
nilifungua taratibu, nikasogea pembeni.
Sikutaka wanione nimesimama njiani.

Jioni ndiyo mtihani.
Kwetu jua huzama saa kumi na mbili, halina mzaha.
Hapa Novemba linaondoka saa kumi na kidogo
kama kibarua aliyeomba ruhusa,
na kuku wangu hawajui giza ni nini,
walizoea swichi.
Wakajikunyata nyuma ya pipa la takataka, wakilowa.
Nikawabeba mmoja mmoja kifuani, tochi mdomoni,
nikawapandisha juu ya ufito.
Usiku wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.
Mioyo yao ilipiga vidoleni mwangu
kwa kasi ya cherehani.

Doreen Haworth, jirani, alichungulia juu ya ukuta:
"Hiyo ni supu iliyotoroka," akasema.
Kesho yake akaleta majani ya kabichi
na habari za mbweha anayepita uchochoroni.
Nikaongeza komeo la pili.

Wanadonoana bado. Yule mdogo hali mpaka wenzake washibe;
nampa chake nyuma ya banda, kwa siri,
naye anakula akitazama kulia, kushoto,
kama mimi wiki ya kwanza kwenye kantini ya hospitali.

Juzi kulikuwa na yai. Halina ganda, utando tu,
laini kama neno lililosemwa kabla ya wakati wake.
Sikulila. Kulitupa pia nilishindwa;
nililiweka kwenye kisahani dirishani
mpaka Doreen akauliza kama ninaumwa.

Leo nimechelewa kutoka zamu.
Basi halikuja, mvua imekuja.
Nimekimbia kupanda kilima na sare yangu ya kazi,
mlango wa banda u wazi tangu mchana,
nikihesabu: wamelowa nyuma ya pipa,
au manyoya tu.

Nyuma ya pipa hakuna kitu.
Nikamulika banda.
Wanne juu ya ufito, bega kwa bega,
mdogo katikati.
Hakuna aliyewabeba.
Mmoja akafungua jicho, akaona ni mimi,
akalifumba.

Nikatia komeo la kwanza.
La pili.