Herufi Shavuni

Theluji imeziba madirisha ya Konibodom.
Mwalimu Saodat kaazima mizani dukani kwa shemeji yake:
huku vijaluba vitatu, vimefungwa uzi, na lozi mbili;
kule lozi kumi na nne.
Mkono umetulia.

"Msifungue. Kilichomo kila kimoja tukiite x."

Tukatoa mbili huku, mbili kule;
ukipendelea upande, mizani inakushitaki.
Kumi na mbili kwa vitatu:
x ni nne, chaki ikasema,
na hakuna aliyechungulia!

Ndipo tukafungua.
Nne.
Nne.
Cha mwisho akafungua Daler, katupa mgongo.
"Tatu," akasema, shavu limevimba.

Mwalimu hakufoka. Aliandika ubaoni:
tatu jumlisha y ni sawa na nne.
"Daler, y iko wapi?"

Akameza.