Hina ya Mwachiro

Chupa ya gundi ya nati haijazwi pomoni.
Kiwanda huiachia nafasi ya hewa,
kwani gundi hii hukaa majimaji maadamu yapumua,
na hushika inaponyimwa pumzi,
chuma kwa chuma, gizani mwa hesi.
Nilisoma hayo mgongoni mwa chupa,
nikasoma tena, nikanyamaza.

Chengo kaja na Boxa yake asubuhi ya manyunyu.
Likoni na mjini, feri mara kumi kwa siku,
maji ya chumvi yamrukia magurudumu bamvua likijaa.
Kalipa ya breki yacheza kama jino la mtoto.
"Fundi, niliikaza mwenyewe. Niliikaza mpaka spana ikalia."
Kukaza, namwambia, si kushika.
Barabara ya Mtongwe ina matuta ishirini na moja, nimeyahesabu,
na kila tuta ni mkono unaofungua nati
robo ya robo,
bila haraka, bila chuki.

Basi kitambaa. Petroli. Mswaki uliochakaa.
Bolti iwe kavu kama ulimi wa Ramadhani saa kumi.
Tone moja la buluu, si mawili.
Jirani yangu Mbwarali huipaka kama samli kwenye chapati,
kisha ashangaa imetiririka mpaka kwenye diski.
Tone. Zungusha. Kaza. Iache.
"Niiache hadi lini?"
Hadi kesho.
"Kesho alfajiri nina abiria."
Kesho alfajiri utakuwa na breki.

Nyekundu nimeificha juu ya kabati, nyuma ya kopo la majani.
Nyekundu ni ya wenye hakika.
Nilipokuwa mbichi, nikitaka sifa,
niliitia kwenye bolti za sproketi ya mtu.
Mwaka uliofuata karudi, meno yameisha, ataka mpya:
tukapinda spana, tukawasha gesi, moshi, matusi,
bolti ikakatika shingo,
nami nikakatwa mfukoni.

Chengo ainama, aonyesha ekzosi kwa kidole:
"Na hizi? Hizi huzitii gundi?"
Hizi, la. Hapa pana moto ndani na chumvi nje,
na kutu ni gundi isiyonunuliwa.
Hapa napaka grisi ya shaba, nyembamba, kwa ncha ya njiti,
nakaza kwa mkono wa pole, maana shaba huteleza,
na mwenye nguvu ndiye akatae bolti.
"Sasa waifunga ili iweje?"
Ili itoke.
Akanitazama kama mtu aliyepunjwa chenji.

Sikumweleza habari ya Jumanne.
Jumanne waliniletea pikipiki ya marehemu,
miaka sita chini ya turubai, nyuma ya choo, Shelly,
tangi limetoboka, kuku wametaga kwenye kiti.
Nikaandaa nyundo, mafuta ya kupenyeza, gesi, drili,
nikajifunga leso kiunoni, nikatukana mapema.
Nikaweka spana kwenye nati ya ekzosi,
nikavuta.
Ikafunguka.
Ikafunguka kama kifuniko cha sufuria,
na ndani, penye meno ya hesi,
shaba ilikuwa ingali laini.

"Nani aliifunga hii?"
Mjane kafikiri. "Palikuwa na fundi mmoja, Mwachiro.
Alihamia Lungalunga. Sijui kama yu hai."
Simjui. Hajui kama nilizaliwa.
Siku ile huenda alikuwa na njaa, mteja amsimamia kichwani,
ndakika mbili zingemtosha kuifunga kavu na kwenda zake;
akatafuta kopo, akachovya njiti,
kwa ajili ya mkono ambao hautamlipa.

Nimezifuta nati zake nne, nimezipaka upya,
nimezirudisha.

Jioni tukawa na harusi kwa shangazi, Timbwani.
Mabinti wapakana hina, wakanishika mkono, wakaugeuza:
"Da Mwanasiti, hina gani hii ya kung'ara kuchani tu?"
Nikasema, ni ya Mwachiro.
Wakapiga vigelegele.
Wakadhani ni mchumba.